Bawa la Baba Tumaini

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule halikuwa kubwa. Wenzangu niliomaliza nao chuo walikesha wakiwaza ajira, ndoa, ada za wadogo zao. Mimi niliwaza kama nikate bawa la kindege cha mbao au nisilikate. Nililala chali katika chumba cha nyuma kwa shangazi yangu, Tunduma, nikisikiliza malori yakishusha pumzi za breki barabarani, na kila lori lilipotulia swali lilirudi. Nikikata nikakosea, nitamwambia nini Tumaini? Na nisipokata, ile digrii ya uhandisi wa umeme iliyolala ndani ya bahasha kabatini ilikuwa ya nini? Nilikuwa na kipaji cha kuligeuza jambo mpaka likachakaa kabla sijaligusa. Bado ninacho, ila siku hizi kimepungua makali.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Tumaini mwenyewe. Mwezi uliopita alivuka mpaka kutoka Kitwe, alikoolewa, akaja kwenye ubarikio wa mtoto wa mdogo wake. Tulikaa chini ya turubai, sahani za pilau mapajani, yeye amenenepa kidogo na anavaa miwani, mimi nina mvi za kwanza ninazozificha kwa kusuka. Aliponiona nasita mbele ya sinia la nyama, kijiko hewani, alisema bila hata kunitazama, "Injinia, chukua tu. Vyote ni vya ng'ombe mmoja." Turubai zima likacheka. Kisha akawaambia waliokuwa karibu kwamba kindege bado kinaning'inia sebuleni kwake, kwamba watoto wake wamekatazwa kukigusa na wote wamekigusa. "Na kiliruka," alisema. "Kilikwenda mpaka tukadhani kimehamia Zambia kabla yangu." Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asipate wasiwasi nilioupata mimi: kiliruka. Ninachotaka kukisimulia ni kile kilichotangulia, ambacho Tumaini hakukisema siku ile, na ambacho nadhani ndicho kilichonifanya niwe mtu wa kutumia mikono yangu.

Wakati ule hatukuwa bado na mkoa wetu, tulihesabiwa Mbeya. Tumaini alikuwa na genge la chai pale Mpemba, karibu na mizani ya malori, na wateja wake walikuwa madereva na mautingo waliokaa foleni wakisubiri kupima mzigo. Tulisoma wote sekondari. Yeye aliishia kidato cha nne, mimi nikaendelea, lakini kila likizo nilirudi kwenye benchi lake la mbao kama vile sikuwahi kuondoka. Baba yake alikuwa fundi seremala. Alitengeneza milango, vitanda, makabati, na siku moja, bila mtu kumwomba, akatengeneza kindege kisicho na injini, chenye mabawa marefu kuliko mikono ya mtu mzima ikinyooshwa. Mbavu zake zilikuwa za mianzi, ngozi yake mbao laini ya msindano iliyopigwa randa mpaka mwanga ukapenya, na juu ya yote rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wa mtu. Jioni alikuwa anapanda nacho mteremko nyuma ya nyumba, anakirusha kwa mkono, kinaelea taratibu mpaka mashambani, na Tumaini anakimbia kukifuata. Mzee alisema siku moja atakifungia mota. Alikwishaamua hata mahali: mota ikae nyuma, isukume, kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani. Ikikaa mbele, alisema, itavunja pangaboi kila kindege kitakapotua kwenye mabua, na itakula vidole vya binti yake.

Alifariki nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Baada ya matanga, baba wadogo waligawana randa, misumeno na meza ya kazi. Kindege hakikuguswa na mtu. "Hicho cha kuchezea," mmoja wao alisema, "mpeni mtoto wa kike." Wakampa.

Mota ilikuja kwa njia ya harusi. Tumaini alikuwa amechumbiwa na dereva wa Kitwe, mtu mpole aliyekunywa chai pale gengeni mpaka chai ikawa sababu tu, na ilikubaliwa kwamba mahindi yakishavunwa ataondoka. Mzee Rajabu, mwenye malori, mtu wa Kondoa aliyekuwa hapiti Mpemba bila kusimama kwake, alimuuliza anataka zawadi gani. Tumaini akamwambia. Mzee Rajabu alimaliza chai, akasema, "Haya. Wengine wote watakuletea masufuria." Kijana wake alikuwa na duka Kariakoo, na baada ya muda boksi likafika juu ya lori la saruji: mota ndogo kama kizibo cha chupa ya chai, betri, pangaboi la plastiki, vimota viwili vya kuvuta usukani wa mkiani, na rimoti yenye antena.

Tumaini aliniletea boksi lote. "Wewe umesomea umeme. Kifungie."

"Nimesomea umeme mkubwa, Tumaini. Wa nguzo."

"Basi anza na mdogo, ukue."

Tulifanyia kazi sebuleni kwao, Mpemba. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala maishani. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma vya mama yake, ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita iliyoachwa kwa ajili ya picha yake, na nyuma ya mlango lilitundikwa koti la marehemu ambalo hakuna aliyelitaja. Kindege kilikaa juu ya meza ya chakula, hivyo chakula tulikilia mikekani: ugali, maharage, mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga. Mama Tumaini alikuwa akipita nyuma yangu anasimama kidogo, anaangalia michoro yangu, anaguna, anakwenda zake. Michoro ilikuwa mingi. Nilikuwa nimechora kila namna ya kuifunga mota ile bila kuligusa bawa kwa msumeno, kwa sababu mapema kabisa nilijiapia kwamba kitu cha mwisho kilichotoka mikononi mwa mzee yule hakitakatwa na mimi.

Nikapata njia, au nilidhani nimepata. Nilitengeneza kinara cha mbao chenye kimo cha kikombe cha bati, nikakisimamisha juu ya bawa katikati, nikakifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hakuna msumari, hakuna gundi. Mota ilikaa kileleni imeangalia mkiani. Siku ya kwanza kuiwasha ilinguruma vizuri, na Tumaini akaweka kiganja nyuma yake kupima upepo.

"Huu hata chai haupozi," alisema.

Kosa lilikuwa la kufikiri sana. Nilikuwa nimejiambia kwamba kwa kuwa mota imegeuka kuangalia nyuma, basi na pangaboi nalo ligeuzwe, ule upande wenye maandishi uangalie nyuma. Ilikuwa hoja nzuri, tena nilikuwa na mchoro wake. Tumaini alilifungua, akaliweka maandishi yakiangalia mbele kule kindege kinakokwenda. "Jaribu hivi, kabla hujaanza kunieleza." Nikasukuma kidude cha rimoti mpaka mwisho. Nyuma yetu, kwenye mlango wa uani, Mama Tumaini alikuwa anachekecha unga. Unga ukainuka kutoka kwenye ungo, ukamfuata usoni, ukakaa kwenye nyusi zake na kwenye koti la nyuma ya mlango. Alijipangusa macho kwa upande wa khanga.

"Sasa inasukuma," alisema. "Na nyie mtakula nini leo?"

Tulikwenda uwanja wa mpira jioni moja isiyo na upepo. Mimi nilishika rimoti, Tumaini alikimbia akakiachia. Kwa muda mfupi kilikwenda kama zamani, kimenyooka, kimetulia, na moyo wangu ukaanza kukiamini. Nikaongeza mota ili kipande. Badala ya kupanda kikainamisha pua. Nikaogopa, na kwa kuogopa nikaongeza zaidi, na kadiri nilivyoongeza ndivyo kilivyoinama, mpaka kikaingia ardhini mbele ya goli. Dereva mmoja wa Kizambia aliyekuwa amekaa kwenye nyasi akisubiri foleni alinyanyuka kutazama. "Mulishani, ba injinia," alisalimia kwa Kibemba, kwa heshima zote. "Ndege yenu inalima?"

Pua ilipondeka, bawa lilikuwa salama. Nilijua kilichotokea kabla sijafika pale kilipoanguka. Mtu ukimsukuma kiunoni anakwenda mbele, ukimsukuma kisogoni anainama. Mota yangu ilikuwa kisogoni. Tuliunga pua, nikaweka kabari chini ya mota ili iinamishe msukumo wake kuelekea tumbo la kindege, tukarudi uwanjani. Safari ile hakikulima, lakini kilikuwa kinakwenda kimejikunja kama mtu mwenye kichomi, na mota ilipozidi kidogo tu pua ilishuka. Hapakuwa na ujanja mwingine. Mota ilitakiwa kushuka, ikae usawa wa bawa, na ikikaa hapo pangaboi lingegonga ukingo wa nyuma wa bawa, isipokuwa ukingo huo ukatwe katikati, pengo la upana wa viganja viwili. Nililijua hilo tangu mchoro wa kwanza. Vinara na kabari zote zilikuwa njia zangu za kulikwepa.

Basi nikarudi kuchora. Nilichora pale gengeni, kwenye benchi, kati ya vikombe. Mahindi yalikuwa yanakauka mashambani, na mbele yetu malori yaliyokataliwa mizani yalikuwa yameegeshwa pembeni, vijana juu yake wakihamisha magunia kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu ekseli ya nyuma imezidi. Tumaini aliwaonyesha kwa kidevu.

"Mota ikikaa kule nyuma itazidisha ekseli ya nyuma. Betri itabidi isogezwe puani."

Nilimwonyesha karatasi yangu. Nilikuwa nimefika hapo hapo, kwa hesabu iliyojaza pande zote mbili.

"Kumbe tumesoma chuo kimoja," alisema. "Tofauti yenu nyie wasomi ni kwamba mzigo unapangwa upya lakini lori haliondoki."

"Nikilipasua je?"

"Nini?"

"Bawa. Mbao imekauka, Tumaini. Msumeno ukishika vibaya mpasuko unakwenda mpaka mwisho. Nimelifikiria sana."

"Najua umelifikiria. Hata mautingo wanajua." Alimimina chai kwenye kikombe cha mteja, akampelekea, akarudi akakaa karibu nami, safari hii bila utani. "Sikia. Kule ninakokwenda sitakuwa na kitu cha baba. Vitanda alivyotengeneza wanalalia watu wengine. Nikibeba kindege kilichopasuka nitakuwa nimebeba kuni, hilo kweli. Lakini nikikibeba hivi hivi, kila nikikiangalia nitakuwa namwona anasema atakifungia mota."

"Kwa hiyo nikate?"

"Usiniulize mimi."

Nilimuuliza tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Nilimuuliza Mzee Rajabu, aliyesema Mungu hamwekei mtu mzigo asioweza. Nilimuuliza shangazi, aliyesema kwani kazi imepatikana. Nikiangalia nyuma naona sikuwa natafuta ushauri. Nilitaka mtu wa kushika nami lile kosa, ili siku bawa likipasuka tuwe wawili. Tumaini alilijua hilo, na mapenzi yake kwangu mwaka ule yalikuwa kukataa kunijibu.

Jumapili moja baada ya ibada shangazi yangu alikuja Mpemba. Yeye na Mama Tumaini waliimba kwaya moja, na walipokutana walihamia jikoni, kibanda cha matofali mabichi uani, wakichambua maharage na kuwachambua watu. Mimi nilikuwa sebuleni peke yangu mbele ya meza, dirisha liko wazi. Walianza kwa Kinyiha, wakachanganya Kiswahili kama walivyozoea, na nilisikia jina langu.

"Huyu wangu amesoma mpaka amekuwa mwoga," shangazi alisema. "Zamani alikuwa anapanda miti."

"Mwache. Analiogopa lile bawa, anadhani limetoka kwa Mungu."

"Si la marehemu?"

"La marehemu, ndiyo. Huyo marehemu unamjua wewe? Lile bawa alilipasua sijui mara ngapi. Kindege kikianguka anakaa hapo kwenye ngazi ananuna mpaka giza, halafu asubuhi anachukua msumeno, anakata palipovunjika, anaunga. Mimi nasema baba Tumaini, tupa. Hataki. Alikuwa anaiba mbao zangu za kuni. Alikata mpaka mwiko."

Wakacheka, wakahamia kwa mtu mwingine. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeliangalia bawa lile mchana na jioni kwa wiki nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba chini ya ile rangi ya buluu kulikuwa na kitu zaidi ya ubao mmoja safi. Nilichukua msasa. Sikumuuliza mtu, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni kwangu. Nilisugua katikati, kwenye ukingo wa nyuma, pale penye alama yangu ya penseli. Rangi ilitoka polepole, vumbi la buluu likajaa kwenye kucha, na chini yake vikaanza kutokea vipande. Kimoja cha mbao nyekundu, cha mlango bila shaka. Kimoja cheusi chenye mviringo, nadhani ule mwiko. Maungio yake hayakuwa mazuri yote. Mengine yalijazwa gundi na vumbi la mbao, kama kazi ya mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi mteremkoni. Na katikati kabisa, kimelala kufuata ukingo, kipande kirefu cha manjano chenye mistari midogo na namba.

Tumaini alirudi kutoka kanisani na nguo zake za kwaya mkononi. Alinikuta nimeinama na msasa, buluu imenijaa mpaka viwiko, na kwanza alitaka kusema neno, halafu akaona. Aliinama karibu. Akagusa kile cha manjano kwa kidole.

"Hii rula yangu," alisema.

Nilipangusa vumbi la buluu juu ya namba zake.

"Ya darasa la tano. Mwalimu alinichapa kwa kuipoteza. Nilirudi nyumbani nalia, na baba amekaa hapo hapo, ananiambia pole mwanangu, vitu vinapotea." Alicheka, akaketi kwenye kochi, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka, na mama yake akaja mlangoni na bakuli la maharage kuuliza kuna nini. "Mama, rula yangu. Aliichukua yeye."

"Mbona mimi nilijua," Mama Tumaini alisema. "Alinikataza nisikwambie."

Walibaki wanabishana pale, mama akieleza jinsi alivyomwambia marehemu amnunulie mtoto rula nyingine, na alivyoahidi, na alivyosahau. Niliwasikiliza nikiwa nimeshika penseli. Nilipima pengo upya kutoka kwenye mhimili wa mbele unaobeba bawa, ambao sikuwa na sababu ya kuugusa, nikaona kwamba mstari wa kushoto utaanguka kwenye mbao nyekundu na wa kulia utaanguka juu ya rula. Naweza kusema leo kwamba niliwaza kuhamisha pengo. Niliwaza pia kuibandua rula kwanza, kuihifadhi, kujaza mahali pake kwa ubao mwingine. Yalikuwa mawazo mazuri na kila moja lingenipa wiki nyingine ya kuchora. Mashambani watu walikuwa wameanza kukata mabua.

Nilichukua msumeno wa chuma, wembe wake tu bila fremu, nikauzungushia kitambaa upande wa kushikia. Nilisogeza kiti, nikaweka magunia mawili yaliyokunjwa chini ya bawa ili lisitikisike, nikakata kwanza upande wa kushoto. Mbao nyekundu ililia kidogo, ikakubali. Mazungumzo nyuma yangu yakakatika. Nilijua wote wawili wanatazama, na nilijua nikigeuka nitauliza, kwa hiyo sikugeuka. Nilihamia kulia. Nikaweka wembe juu ya manjano, nikaushikilia kwa kidole gumba usiteleze, nikavuta mara moja kuelekea kwangu, kisha nikausukuma, na msumeno ukaingia kati ya namba sita na namba saba.